Hita iliyokuwa ikiua betri ya Sheikh Hilal

Wakuu, assalaam aleikum nyote mliomo humu. Mimi ni msomaji wa kimya, leo nimeona nami niweke wangu. Haya yalinikuta mwenyewe na sitii chumvi. Anayenijua hapa Ghubra akiona nimedanganya, aje anisute hadharani.

Juzi mdau mmoja kauliza kwa nini betri ya gari yake inakufa kila asubuhi. Nilicheka peke yangu mpaka mke wangu akauliza kulikoni.

Ilikuwa mwaka 1968, hapa Maskati. Nina miaka ishirini na mbili, mimi na mama tumetoka Unguja, tumepewa chumba kimoja kwa ndugu. Watu wema, lakini kila nikinyoosha mkono kwenye sinia lao, tonge lilinikwama.

Unguja nilikuwa fundi umeme wa magari. Hapa magari yenyewe yalikuwa ya kuhesabu. Hiyo Wattaya mnayokwenda kuchagua gari mpya, wakati ule ilikuwa mawe na mbuzi.

Gereji iliyokubali kunijaribu ilikuwa moja tu, ya Ami Nasor, mzee aliyekulia Pemba akatutangulia kuja huku. Naye hakunificha:

"Mie sina haja na fundi umeme. Betri ikifa natia nyengine. Lakini nna gari ya Sheikh Hilal hapa, imenitoa roho. Ukiiweza, una kazi. Usipoiweza, tuagane kwa wema."

Sheikh Hilal alikuwa mfanyabiashara mkubwa. Gari aliinunua kwa mzungu mmoja aliyekuwa anarejea kwao. Ikilala usiku mmoja tu, asubuhi betri haina kitu. Ami Nasor alishabadilisha betri tatu na dainamo moja, na Sheikh alishaanza kusema gereji ile ya wababaishaji.

Kwa hiyo wakuu, pale palikuwa na heshima ya mzee na riziki yangu.

Nikazima kila kitu. Nikafungua waya mmoja wa betri, nikaunganisha taa ndogo kati yake na betri. Gari ikiwa nzima, taa haiwaki.

Ikawaka.

Nikachomoa fyuzi ya kwanza, taa inawaka. Nikachomoa zote, bado inawaka! Ami Nasor kasimama nyuma yangu anakohoa kile kikohozi cha mtu aliyekwisha kukata tamaa na wewe. Jasho lilinitoka, na ilikuwa majira ya baridi.

Nikaacha fyuzi, nikafuata nyaya kwa vidole, mmoja mmoja kutoka kwenye betri. Mmoja ulikuwa mgeni, rangi yake haifanani na wenzake. Umepita kwenye tundu, ukaingia ndani, ukaishia kwenye kisanduku cha chuma chini ya dashibodi.

"Ami, hiki nini?"

"Hita. Mzungu kaitia kwao kwenye theluji. Achana nayo, hapa jua latuchoma bure, nani ataka moto wa kununua?"

Kumbe hapo ndipo Ami alipokosea. Hita ile ilifungwa ipashe gari kabla injini haijawashwa, ndiyo maana ilichukua umeme moja kwa moja kwenye betri, haipiti kwenye fyuzi wala ufunguo. Nikarudisha betri, nikangoja kidogo, nikakigusa kisanduku. Cha moto! Swichi imezimwa, feni haizunguki, imejaa mchanga, lakini umeme unaingia.

Nikalala chali chini ya dashibodi. Nyaya mbili za swichi zimeyeyuka zikashikana. Nikasogeza pua.

Zinanuka udi.

Hapo nikaelewa. Sheikh Hilal alikuwa maarufu kwa gari yake kunukia. Kila Ijumaa chetezo chenye makaa na udi kinawekwa pale chini ya dashibodi, vioo vinafungwa, gari inafukizwa kama kanzu. Sasa nani amwambie mtu mkubwa kama yule kwamba kaiunguza gari yake mwenyewe?

Nikairudisha ile taa ndogo kwenye betri, nikakata waya wa hita, taa ikazimika papo hapo. Nikaziba ncha vizuri. Gari ikalala siku mbili bila kuguswa, na siku ya tatu Sheikh akaja mwenyewe. Akatia ufunguo.

Iliwaka mara moja! Wakuu, nilitaka kuruka, nikajizuia.

"Ilikuwa na nini?" akauliza.

Ami Nasor akatazama chini. Nikasema, "Sheikh, uniwie radhi. Ni chetezo." Nikamwonyesha zile nyaya.

Alizinusa, kisha akacheka mpaka kilemba kikapinda. "Kumbe mwizi wa betri ni mie mwenyewe! Na nyie mwanilia pesa za betri tatu mwanyamaza!"

Alipoondoka, Ami Nasor hakunisifu. Alisema tu, "Kesho uje mapema, zipo mbili nyengine."

Jioni nilimwambia mama nimepata kazi. Aliliendea sanduku lake, ambalo tangu tushuke melini hakuwahi kulifungua, akaanza kutoa nguo moja moja na kuzitundika ukutani.

Nilichojifunza: kile ambacho kila mtu anakwambia achana nacho, kikague. Na ukweli mwambie hata mkubwa, ila anza na radhi.

Haya mafundi, na nyie leteni gari iliyowahi kuwatoa jasho. Wa kuponda pia karibuni, nimeshazeeka, siumii.