Sahani Yangu Peke Yangu

Muuguzi alinichoma kidole, akasoma kimashine chake, akaniambia sukari yangu iko juu. Alisema kama mtu anayetaja bei ya sabuni. Akaongeza kwamba nipunguze uzito, nipunguze lituma ya ndizi za kuponda, nipunguze wali, nipunguze mafuta, halafu akamwita mgonjwa mwingine. Nilitaka kumuuliza nitabaki na nini, lakini mama mmoja alikuwa ameshakaa kwenye kiti changu.

Baba yangu mzazi alikatwa mguu kwa sukari hiyohiyo, kule Kindu, na mimi ndiye niliyekuwa nikimfulia vitambaa vya kidonda. Kwa hiyo nilirudi nyumbani na hofu yangu, na sikumwambia mtu. Tunaishi kwa mama mkwe wangu, hapa Kisangani, upande wa Tshopo, kwenye parcelle yake, yaani ua wenye wapangaji: mimi, watoto wangu na wifi yangu. Mume wangu anakuwa zaidi kwenye njia ya Buta na biashara zake kuliko anavyokuwa kitandani kwake. Mama mkwe alizoea kunisifu kwa majirani kwamba mwanawe ameoa mwanamke asiyejua ugonjwa. Ningeanzia wapi kumweleza? Nikafunga mdomo, na kosa la kwanza katika habari hii ni hilo, na ni langu.

Tangazo lilinikuta kwenye simu wiki ileile. Mwanamke wa kwetu, anayeishi Ulaya, kasimama katika jiko jeupe, anasema kwa Kifaransa chenye Lingala kidogo kwamba atanibadilishia mwili na damu. Tumwite kochi, yaani kocha, maana ndivyo alivyopenda kuitwa. Dola thelathini kwa mwezi, unatuma kwa simu, unaingizwa kwenye kikundi. Siku tano nilijiuliza kama inafaa kutoa pesa hiyo. Kilichonishinda ni muuguzi yule. Yeye alinipa nusu dakika, kochi aliahidi kuzungumza nami kila asubuhi. Nikatuma.

Ratiba ya chakula ilipofika nilidhani wamekosea mtu. Samaki wa baharini wa Ulaya, brokoli, lozi, uji wa shayiri. Nilizunguka maduka yote ya katikati ya mji nikapata boksi moja la shayiri, na shayiri yenyewe ilikuwa na wadudu. Niliipepeta kwenye ungo kama mchele. Matunda yalitakiwa yasagwe kwa mashine, na umeme wetu unaujua mwenyewe, unakuja ukipenda. Nilipouliza kuhusu pondu, majani yetu ya muhogo, kochi akasema niachane nayo kwa sababu ya mafuta ya mawese. Nilipouliza kuhusu samaki wa mto, akasema hajui wana nini ndani. Hajui! Mwanamke aliyekuzwa na samaki haohao, nilisikia kwenye sauti yake.

Lakini hayo yote ningeyavumilia. Sheria iliyoniharibia nyumba ilikuwa ya picha. Mara tatu kwa siku, kabla ya kula, upige picha ya sahani yako uitume: nusu mboga, robo hiki, robo kile. Sasa kwetu hakuna mwanamke mwenye sahani yake. Tunakaa mkekani kuizunguka sinia moja, mama mkwe anasema bismillahi, anamega samaki kwa mkono wake na kumsukumia kila mmoja kipande kizuri mbele yake. Miaka kumi na minne sijamwona akimsahau mtu. Nilipokuwa na mimba, mimi ndiye niliyepata kichwa cha samaki kila siku, na ole wake mtoto aliyekigusa.

Nilimwandikia kochi nikamweleza hivyo, nikauliza nusu ya sinia inakatwa wapi. Akanijibu kwa ujumbe wa sauti, mbele ya kikundi kizima, kwamba mwanamke asiye na sahani yake bado hajajifunza kujipenda. Wenzangu wakaweka makofi. Mimi, mtu mzima, karani wa ofisi mwenye watoto wanne, nikaenda sokoni nikanunua sahani ya bati, nyeupe, yenye ukingo wa buluu.

Nikaanza kupika peke yangu kwenye mbabula ndogo ya makaa, nyuma ya nyumba. Chakula kikiiva naingia nacho chumbani, nafunga mlango ili watoto wasiombe, nakiweka dirishani penye mwanga, nakipiga picha, namngoja kochi akikubali. Ndipo nakula. Siku ya tatu mama mkwe alisimama mlangoni.

"Chakula yetu iko na mubaya gani?"

"Haina mubaya, mama. Niko na fanya régime."

"Régime ni nini?"

"Ni ya kupunguza mwili."

Alinitazama kutoka kichwani hadi miguuni. "Mwanamuke anapunguza mwili ju ya nini, kama haiko mugonjwa?"

Mlango wa kusema ulikuwa wazi kabisa. Nilicheka. Nikamwambia ni mode tu, wanawake wote wa ofisini wanafanya. Akasema "bon", akaondoka, na hakuuliza tena.

Sitadanganya, mambo yalienda. Nguo zikalegea. Wiki ya tatu nilirudi kwa muuguzi na sukari ilikuwa imeshuka, si sana, lakini imeshuka. Hilo ndilo linalonichoma hadi leo, maana ingekuwa utapeli mtupu ningemtukana kochi nikamaliza. Kikundi kilinipongeza. Nilitembea mjini nikijiona mtu mwenye akili.

Akili gani? Mama mkwe alikuwa haketi tena penye vyungu na mimi sikuliona. Wifi ndiye aliyekuwa anapika, nikadhani ni magoti ya mama mkwe yanayouma. Mama mkwe huuza mikate pale mlangoni kila asubuhi, ile ya kukaanga, na tangu nimeolewa beseni lake halijawahi kufika saa tatu likiwa na kitu ndani. Sasa lilikuwa linarudi nusu, watoto wangu wanagawiwa mikate iliyobaki, na mimi nawapita na sahani yangu, nafurahi kwamba sina tamaa.

Wifi aliniambia tukiwa tunasuuza nguo. Hakunitazama.

"Mama hagusi tena nyungu. Anasema, kama bibi ya mutoto yangu anaogopa mukono yangu, mukono ipumuzike."

"Mimi naogopa mukono yake? Nani alisema?"

"Nani aseme nini? Unapika yako, unafunga mulango, unapiga chakula photo mbele ya kula. Alors, batu bawaze nini? Bote ba parcelle banajiuliza ile photo unatumaka kwa mupasta gani, akuambie kama kuko kintu ndani."

Niliketi kwenye ndoo. Anayeishi hapa hahitaji kuelezwa zaidi, ila nitaeleza. Mwanamke mzee ambaye mkwe wake amekikimbia chakula chake, watu hawakawii kumpa jina la mchawi. Kwanza wanaacha kununua mikate yake. Kisha mtoto wa jirani anapata homa, na wanakumbuka alipita mlangoni kwa nani. Jina hilo likishamkaa mtu, hata wanawe wa kuzaa wanaweza kumtoa nje na mkeka wake. Nimeona kwa macho yangu, mtaa wa nyuma. Na safari hii mwenye kulianzisha ni mimi, kwa dola thelathini zangu mwenyewe.

Mwezi ulikuwa unaisha na ilibidi niamue kama nalipia wa pili. Asubuhi moja nilimwandikia kochi yote, bila kuficha, pamoja na habari ya mikate. Nilitaka mtu aniambie nifanye nini. Sauti yake ikaja baada ya muda mfupi, tamu kama siku zote: familia ndiyo ya kwanza kumvuta mwanamke chini, nisilegee, nichague kati yangu na wao. Chini yake akaweka namba ya kulipia, na punguzo kwa atakayelipa kabla ya Ijumaa.

Anajua! Huyu si Mzungu wa kuambiwa. Bibi yake aliketi mkekani kama wangu, na yeye anajua vizuri kinachompata mwanamke mzee akishanyooshewa kidole. Anajua, na anauza vilevile. Nilijitoa kwenye kikundi bila kuaga. Mtu akiniuliza leo kama programu ile ina thamani ya pesa yake, namwambia inapunguza uzito. Nikimaliza kusema hivyo namwuliza anakula na nani.

Asubuhi hiyohiyo nilitoka uani, wapangaji wote wakiwa wanafua na kuchota maji, na nikasema kwa sauti kubwa ili kila mtu asikie. Nikasema nina sukari. Nikasema mguu wa baba yangu. Nikasema ni muuguzi aliyenikataza, picha zinaenda kwa mwanamke wa Ulaya anayefundisha kukonda, na mkono wa mama huyu ndio ulionilisha nilipokuwa siwezi kusimama baada ya kujifungua. Mama mkwe alikuwa anamenya mbika, mbegu za maboga. Hakuacha kumenya.

"Miaka kumi na ine," alisema. "Ungesema tu sukari. Ningekupikia ya sukari."

"Nisamehe, mama."

"Bon. Nimesikia."

Mchana alirudi kwenye vyungu vyake. Pondu yangu aliitoa pembeni kabla ya kutia mawese, akanichemshia ndizi chache, akaziweka upande wangu wa sinia pamoja na samaki wa kuchoma. Yote yale niliyomlipa mgeni anipangie, alikuwa anayajua, kwa kuambiwa mara moja tu. Nikaketi mkekani, nikasema bismillahi, nikanyoosha mkono.

Akanizuia. Akamega kidogo kutoka upande wangu, akatia kinywani mwake, akatafuna polepole, akameza. Kisha akafungua kiganja chake kuonyesha hakina kitu. Ni jambo tunalomfanyia mgeni tusiyemjua, anayekunywa kwetu kwa mara ya kwanza, ili aone hakuna sumu. Nilimwambia, mama, hapana, haitakikani. Akasema, "Kula sasa."

Tangu siku ile hajaacha, mchana na jioni. Nimelia, nimepiga magoti, mume wangu amerudi kutoka Buta akamsihi. Anasikiliza, anasema "bon", na chakula kikija anamega upande wangu kwanza. Jana binti yangu mdogo alimwuliza kwa nini anaonja ya mama peke yake.

"Ju mama yako akule bila woga," alimjibu, na akamsukumia kipande chake cha samaki.