Jibu analo, namba hana

Mbogo Kanyi amelala chali chini ya trela lililoinuliwa kwa jeki, kando ya barabara kuu ya Mombasa, hapa Kambu. Miguu yake pekee ndiyo inayoonekana. Anagonga kwa nyundo, anatulia, anagonga tena.

Kila gari kubwa linapopita, nyundo inanyamaza. Kichwa chake kinachomoza upande wa lami, macho yanalifuata gari hadi kwenye namba ya nyuma, midomo inatikisika. Kisha anarudi chini.

"Hiyo imekataa," anasema, bila kuulizwa na mtu.

"Nini imekataa, fundi? Nati?" anauliza dereva anayemngoja, mgeni katika eneo hili.

Mbogo anaendelea kugonga.

Mbogo, mwenye umri wa miaka 46, ni fundi wa panchari. Alizaliwa Kirinyaga, na ujana wake wote aliumalizia juu ya matrela akiwa utingo, Mombasa hadi Malaba na kurudi. Kambu palikuwa mahali pa kunywa chai tu, hadi alipompenda msichana aliyekuwa akiiuza. Mutanu, mwenyeji wa Nuu katika Kaunti ya Kitui, alimwambia hataolewa na mtu anayelala barabarani. Mbogo akashuka garini, akajenga kibanda cha mabati, akanunua kompresa ya mkono wa pili.

Kazi hiyo haijamtajirisha. Siku nzuri huziba matairi matano au sita. Zipo siku ambazo hazibi hata moja, na siku hizo hukaa kwenye tairi kuukuu akitazama magari.

Zamani aliyatazama kwa raha. Dereva wake wa kwanza aliogopa usingizi kuliko alivyoogopa polisi, akabuni mchezo wa kuwaweka macho. Gari likitokea mbele yao, walichukua tarakimu tatu za namba yake na kutafuta kumi. Unaweza kujumlisha, kutoa, kuzidisha au kugawanya, kwa mpangilio wowote unaotaka, mradi kila tarakimu uitumie mara moja tu. Ukipata kumi, namba imekubali. Usipopata, imekataa.

731, kwa mfano, haimsumbui mtu: saba na tatu ni kumi, mara moja ni kumi ileile. 777 imewatoa jasho wengi, na haijawahi kukubali.

Mchezo huo ndio aliomfundisha kifungua mimba wake, Ciku, aliyepewa jina la nyanya yake. Wawili hao walikaa mbele ya kibanda baada ya shule, baba na grisi mikononi, binti na daftari la kazi ya nyumbani lisilofunguliwa, wakipiga kelele kila gari lilipopita.

"Mimi miaka yote nilijua tisa tatu zinakataa," Mbogo anasimulia. "Huyu mtoto akiwa na miaka minane akaniambia, 'Baba, gawa tisa kwa tisa upate moja, halafu ongeza ile tisa imebaki.' Nilicheka mpaka mteja akaniuliza kama niko sawa."

Ni mara ya pekee anayotabasamu katika mazungumzo yote. Tabasamu lenyewe halikai.

Jioni moja ya Julai mwaka jana, jua likiwa bado halijazama, Mutanu alimtuma Ciku ng'ambo ya barabara kununua maziwa. Alikuwa na miaka 13, mwanafunzi wa Gredi ya Saba. Alienda salama. Alipokuwa akirudi, akiwa amesimama ukingoni kungoja nafasi, lori lililokuwa likilipita jingine lilitoka nje ya lami, likamkumba na kwenda zake upande wa Nairobi.

Kavata, mama anayeuza machungwa hatua chache kutoka hapo, ndiye shahidi wa karibu zaidi. Aliona turubai la buluu. Aliona pia herufi mbili za kwanza za namba, KD, ambazo magari chungu nzima hapa nchini yanazo.

"Nimejilaumu mpaka nimechoka," asema Kavata. "Lakini ukiuza machungwa unaangalia dirisha ya dereva, kama anapunguza mwendo. Namba huangalii. Namba ilikuwa kazi ya huyo mtoto."

Ciku alikuwa ameiangalia.

Jirani alitoa gari lake kumkimbiza hospitalini. Mbogo alikaa kiti cha nyuma, kichwa cha binti yake kikiwa mapajani mwake. Njiani, Ciku alifumbua macho.

"Baba, ilikubali," alisema.

"Nini, mama?"

"Ile lori. Nilizidisha, nikatoa. Ilikubali."

"Namba gani, Ciku? Niambie namba. Namba gani?"

Mtoto alifumba macho. Mbogo aliuliza tena, na tena, hadi jirani aliyekuwa akiendesha akamwomba anyamaze amwache apumue. Ciku hakuzungumza tena. Alifariki kabla ya alfajiri.

Mbogo anapofika hapo anainama, anaanza kukwangua grisi iliyokauka kwenye kucha.

"Mtu anapata nafasi ya mwisho na mtoto wake," anasema. "Wengine wanaambia mtoto anapendwa. Wengine wanamwombea. Mimi niliuliza namba."

Baada ya mazishi alikwenda kituo cha polisi kueleza aliyoyasikia. Afisa aliyeandika taarifa hakumdharau. Alimsikiliza hadi mwisho, akaweka kalamu chini.

"Mzee, pole sana. Mimi pia ni mzazi," alimwambia. "Lakini niambie mwenyewe, hapa naandika nini? Naandika gari ilikubali?"

Mbogo alirudi Kambu, akaketi na kazi ambayo hakuna aliyemtuma. Katika mchezo, mtu hupewa namba akatafuta kumi. Yeye alipewa kumi, akawa anatafuta namba.

Ciku alizidisha, akatoa. Hayo mawili tu ndiyo aliyokuwa nayo. Akaanza na mbili mara sita, kumi na mbili, toa mbili. Mbili mara saba, kumi na nne, toa nne. Tatu mara sita, kumi na nane, toa nane. Akaendelea hivyo hadi akaishiwa, na alipoishiwa alikuwa na mafungu tisa ya tarakimu tatu. Ukiyapanga na kuyapangua yote, unapata namba arobaini na tano.

Kwa siku moja au mbili alihisi kama amemkamata mtu. Kati ya namba elfu moja hivi, zimebaki arobaini na tano! Alimwamsha Mutanu kumweleza. Kisha mwenyewe akakumbuka kwamba kila namba hutolewa upya kila herufi zinapobadilika. Ile 274 moja iko kwenye pikapiki ya mtu Kisumu, kwenye gari la daktari Nakuru, kwenye lori la mchanga Machakos. Barabara hii ina maelfu ya malori. Maturubai ya buluu ndiyo mengi kuliko yote.

Hata hivyo hakuacha kutazama.

Mutanu alivumilia. Alimpikia, akamfulia, akamkokota kanisani. Kuhusu ule mchezo alizungumza mara moja tu, wakiwa wamekaa mezani na sahani hazijaguswa.

"Alisema, 'Baba Ciku, ulimfundisha kuangalia namba. Hukumfundisha kuangalia gari,'" Mbogo anakumbuka. "Hakusema kwa hasira. Aliondoa sahani akaenda kuosha."

Novemba, mchana wa siku ya soko, lori lenye turubai la buluu lilisimama mbele ya kibanda chake, tairi la nyuma likiwa limekaa chini. Namba yake ilianza na KD. Tarakimu zake zilikuwa nane, sita na tatu.

Tatu mara sita, kumi na nane. Toa nane.

Dereva, Ahmednasir Ugas, alikuwa akitoka Mombasa na mchele na sukari, akielekea Garissa kupitia Kitui na Mwingi. Alisalimia, akaagiza chai kwa jirani. Mbogo aliingiza jeki, akafungua nati zote, akalitoa gurudumu. Kisha akalilaza chini na kulikalia.

"Julai ulikuwa wapi?" alimuuliza.

Ahmednasir alidhani ni utani. "Ndugu yangu, Julai ni mbali. Wewe funga gurudumu twende."

"Nakuuliza ulikuwa wapi jioni ile!"

Sauti hiyo ilitosha. Kambu nzima ilimfahamu Ciku. Aliyepaza sauti kwamba muuaji amepatikana hakumbukwi ni nani. Mbogo anasema huenda ni yeye mwenyewe. Watu waliacha soko wakaja wakikimbia. Jiwe la kwanza lilivunja kioo cha mbele. Ahmednasir aliburutwa hadi kwenye changarawe, akapigwa mdomoni na mgongoni, na kijana mmoja alikuwa tayari ameshika mtungi wa petroli.

Aliyewazuia ni Karanja, fundi wa injini wa kibanda cha pili. Alikuwa amepanda ndani ya lori akapekua hadi akapata hati ya usajili. Alisimama mlangoni, akaisoma kwa sauti, mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza hakusikika.

Lori lilikuwa limesajiliwa Septemba.

"Baba Ciku," Karanja alimwambia, akimshika bega, "Julai hii gari ilikuwa haijazaliwa."

Umati uliyeyuka kama ulivyokuja. Hakuna aliyeomba radhi. Kila mtu alikumbuka ameacha kitu sokoni. Mbogo alibaki na gurudumu. Aliziba tairi, akalirudisha gurudumu mahali pake huku nati zikimponyoka mikononi, moja baada ya nyingine, akiziokota na kuanza upya. Ahmednasir alikaa chini ametulia, skafu ikiwa mdomoni, akimtazama.

"Huyo mtoto wako, alikuwa na miaka ngapi?" akauliza.

"Kumi na tatu."

"Wangu anaitwa Hodan. Ako kumi na moja." Alitema damu, akapangusa mdomo. "Ungeniua leo, yeye pia angeanza kutafuta wewe."

Mbogo alimletea maji. Hakuyapokea. Alipanda lori lake lisilo na kioo, akaondoka na upepo ukimpiga usoni.

Hupita bado, karibu kila wiki. Mbogo hulitambua lori hilo kwa mbali na kuinua mkono. Halijawahi kupunguza mwendo.

"Nilikuwa nimeangalia tarakimu peke yake," anasema. "Mimi, mtu wa kusoma namba tangu ujana, sikuangalia hata herufi. Ningeangalia, ningejua hizo ni mpya. Ni kama sikutaka kujua."

Juma hilohilo Mutanu alifunga vitu vyake, akamchukua mtoto wao mdogo, akaenda kwao Nuu. Hakumkimbia mumewe, anasisitiza kwa simu. Anamngoja.

"Nimemwambia aje, hapa kuna shamba ya mama na mbuzi," anasema Mutanu. "Kila mwezi ananiambia, 'Nitakuja nikimaliza.' Nami namuuliza, ukimaliza nini, Baba Ciku? Nasikia tu magari yakipita kwa simu yake. Mimi nilizika mtoto mmoja. Siku nyingine naona kama nilizika wawili wao."

Tangu kisa cha Novemba, madereva wengi wa masafa marefu hawasimami kwake. Habari husafiri nao. Wiki iliyopita aliziba matairi manne, wiki nzima. Kodi ya kiwanja imemshinda, na uso wake umekonda kiasi kwamba kofia inamteleza hadi kwenye nyusi.

Ndiyo maana, anasema, safari hii ameamua. Karanja amekubali kuinunua kompresa. Mabati ya kibanda yatang'olewa, yasafirishwe hadi Nuu yakaezeke jiko la Mutanu. Mwisho wa mwezi atakuwa kule, na wa kwanza kumwona atakuwa yule mdogo, ambaye kwa simu ameanza kuisahau sauti ya baba yake.

"Nitachunga mbuzi ya mama mkwe," anasema Mbogo. "Mbuzi hana namba. Nitalala mchana kama watu wengine. Labda Mutanu atanisamehe, labda hatanisamehe, lakini tutakuwa nyumba moja."

Anazungumza bado Karanja anapotokea, akiwa na mkokoteni wa kubebea kompresa na pesa kwenye mfuko wa shati. Ni mara ya tatu kuja, Karanja mwenyewe anasema, lakini bila kulalamika.

"Tuchukue sasa?"

Mbogo anaiendea kompresa. Anaukunja mpira wake vizuri, anaufunga kwa kamba, anapangusa vumbi juu ya tangi kwa kiganja. Wote wawili wanainama kuinyanyua. Barabarani, malori matatu yamefuatana yakitoka upande wa Mtito Andei, la katikati likiwa na turubai la buluu.

Mbogo anaachilia upande wake.

"Njoo Jumatatu," anasema.

Karanja anamtazama, anatikisa kichwa, anageuza mkokoteni wake mtupu. Mbogo amesimama ukingoni mwa lami, macho kwenye namba, hadi malori yanapotoweka kwenye mteremko.

"Wewe niambie," anasema anaporudi, sauti ikiwa chini. "Nikiwa Nuu, na ile lori ipite hapa siku moja, ni nani ataiangalia?"