Macho ya Mchana

Ndugu yangu mkubwa aliniambia niichukue ile chupa ya dawa ya mke wangu, nami nikakubali. Ningemjibu, "Hapana, hiyo ni dawa yake," mambo yangeishia hapo mezani.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini. Mimi na mke wangu na watoto wetu wawili tulikuwa tumetoka magharibi mwa Kenya tukapanga nyumba Kitengela. Nilikuwa karani wa stoo katika kiwanda kimoja Athi River. Yeye alikuwa fundi wa cherehani, na kibanda chake kilikuwa kando ya barabara ya Namanga, karibu na buchari. Alikuwa na ugonjwa wa misuli. Kope zilimlegea zikamfunika macho, hata akitaka kukuona ainue kidevu kama mtu anayekagua paa. Vidonge vilimsaidia kuinua mikono, lakini kope vilizishindwa. Ndipo daktari akampa matone. Akitia tone moja kila jicho, kope zilipanda, zikakaa juu saa chache, kisha zikashuka tena. Alionywa asizidishe, na Jumapili ayapumzishe macho.

Mimi niliondoka alfajiri kabla hajatia. Nilirudi jioni dawa imeisha nguvu. Jumapili hakutia kabisa. Kwa hiyo tangu augue sikuwahi kumwona amefungua macho, wala sikulitambua hilo mpaka siku moja niliponunua nusu kilo pale buchari.

"Mzee, wewe uko na bahati," mwuza nyama alisema huku akinoa kisu. "Mama ana macho, huyo! Akikuangalia unasahau bei ya nyama yako mwenyewe."

Watu wakacheka. Nami nikacheka. Nyama ile sikuionja.

Nikaanza kuwaonea wivu wote: mwuza nyama, akina mama wa Kimaasai waliomletea shuka za kupindwa, hata madalali wa ng'ombe waliokuwa wakienda Kisaju. Wao walipewa macho, mimi nikapewa kope. Nilimwuliza kwa nini anawafungulia watu wa barabarani tu.

"Baba, bila matone sioni tundu la sindano," alisema. "Wewe nakujua hata kwa kikohozi."

Sijawahi kupewa jibu zuri kuliko hilo, nami nililisikia kama tusi.

Ndugu yangu alipokuja kututembelea nikamweleza. "Mdogo wangu, mwenye nyumba ni nani?" akasema. "Kaa na hiyo chupa. Atiwe ukifika."

Kuanzia Jumatatu niliibeba chupa mfukoni kwenda kazini. Jioni nilimshika kichwa nikamtia mwenyewe. Kope zikapanda. Macho yalikuwa makubwa, meusi, mazuri kweli. Akanikazia macho.

"Si ulitaka niangalie? Haya, naangalia."

Nilikuwa wa kwanza kugeuza uso.

Mchana alishona kwa kupapasa, kope moja ameibandika juu kwa plasta. Sare za shule zikatoka mkono mmoja mrefu, mwingine mfupi. Wateja wakahama. Aliniomba mara moja tu: "Niachie asubuhi ya kesho, niko na gauni la harusi." Nikamwambia amwombe mwuza nyama amshonee. Nilijua ni ujinga hata kabla sijamaliza kuusema. Kesho yake sindano ya cherehani ilimpita kidoleni.

Wiki iliyofuata akina mama wa kanisa walimhamisha, yeye na cherehani yake, wakampeleka Kajiado. Huko alipata chupa nyingine.

Nilimfuata baada ya mwezi. Nilimkuta saa tano mchana, kope juu, akicheka na mteja. Aliponiona hakukunja uso.

"Karibu. Kaa hapo, nimalizie huyu."

Nilikaa kwenye benchi pamoja na wateja wengine. Zamu yangu ilipofika nilimwomba turudi nyumbani.

"Hapana, baba," alisema kwa upole, akaanza kukanyaga pedali.

Hakurudi. Watoto wetu wawili wakamfuata, na hata leo wakija likizo wanashukia Kajiado, si kwangu. Tulikuwa tumeishi pamoja miaka kumi na saba. Nilikubali neno moja la kijinga, na kwa sababu hiyo nilimpoteza mke wangu na watoto wangu.