Fisi Kwenye Mizani ya Pamba

Mimi ni mwalimu wa darasa la tatu hapa Bariadi, na watu wananisifia kwamba najua kufundisha watoto kusoma. Likizo ikifika wazazi wananiletea watoto wao, wananiita fundi. Sifa hizo nazipokea huku nikikwepa macho ya binti wa kaka yangu, ambaye naishi naye.

Aliletwa kwangu kutoka Mwandoya akisoma Kiswahili kwa kusuasua, maana kwao nyumbani ni Kisukuma tu. Kaka aliniambia kwenye simu, "Nakuachia huyo, mwalimu. Asije akakwama kama sisi." Nikaahidi. Nikamletea kitabu cha hadithi chenye picha za fisi aliyealikwa harusini, nikamwachia, nikaenda zangu sokoni.

Niliporudi nilisikia kicheko tangu getini. Mtoto wa kaka alikuwa uani anakata viazi vitamu vya kuanika michembe, kitabu kiko wazi kwenye mkeka, na binti yangu mdogo amekaa mbele yake kinywa wazi. Anasoma mstari mmoja wa Kiswahili, kisha anausimulia kwa Kisukuma na kuutia chumvi. Kwake yeye fisi hakwenda harusini moja kwa moja. Alipitia kwanza kwenye ghala la pamba kijijini, akapanda kwenye mizani, na karani akamkagua yale manyoya machafu akamwandika pamba fifi, ya kununuliwa kwa bei ya kutupa. Binti yangu alicheka mpaka akajilaza.

"Ongeza!" akasema. Na mwenzake akaongeza.

Kwetu hadithi ndivyo inavyokwenda. Anayesikiliza anadai, anayesimulia anaongeza, na hakuna anayeuliza ilikuwaje mwanzoni. Nami nililelewa hivyo hivyo, kwa hiyo siwezi kusema sikujua. Lakini ualimu umeniingia kwenye damu. Badala ya kuvuta kigoda nikae, niliwasimamia pale na mfuko wangu wa nyanya.

"Hapo pameandikwa mizani?"

Akaweka kisu chini.

"Wahusika ni akina nani? Hadithi inatufundisha nini?"

"Sijui, shangazi."

"Basi hujasoma. Rudia, na iwe Kiswahili kitupu."

Akarudia, sauti imemshuka. Binti yangu akanyanyuka akaenda kucheza na vifuniko vya soda. Nami, kichwa maji, nikajiona nimefanya kazi.

Tangu siku hiyo kila kitabu nilichompa nilikifuatisha na maswali. Hakunibishia hata mara moja. Sasa anasoma bila kukwama, mitihani anafaulu, na kaka kila akipiga simu ananishukuru: "Umenisaidia sana, dada." Akisema hivyo natamani ardhi ipasuke, kwa sababu mtoto wake hashiki kitabu mpaka aambiwe. Vitabu vimejaa sebuleni. Jumamosi anavifuta vumbi na kuvirudisha mahali pake bila kufungua hata kimoja, na mimi napita kando kama sijaona. Nimemkosea, na baba yake sijamwambia kitu; kaka yangu mwenyewe, naona haya kumwambia.

Juzi nilijaribu kurekebisha. Nikatandika mkeka, nikawaita wote wawili, nikasema leo tunasoma kwa raha zetu. Nilisoma mimi. Nikaigiza sauti za wanyama, nikachanganya Kisukuma, nikampeleka hata sungura kupanga foleni zahanati huku akijifanya mjamzito ili apite mbele. Binti yangu aliangua kicheko. Mtoto wa kaka alitabasamu kwa adabu, kama anayemngoja mgeni amalize kula. Nilipofika mwisho akaketi wima, akakunja mikono.

"Niko tayari, shangazi."

"Tayari kwa nini?"

"Maswali."

Nikamwambia hakuna maswali, leo tumesoma tu. Nikarudia kwa Kisukuma ili aniamini. Akaitikia, "Ndiyo, shangazi," akakivuta kitabu taratibu, akafungua ukurasa wa kwanza, akaanza kusoma upya kimya kimya, kidole chini ya kila neno, asije akakosa.