Amri Mbili Mlangoni

Nilikuwa nafundisha darasa la tatu katika shule moja huku Likunja, asubuhi ya msimu wa korosho, ubao ulipoanza kugonga ukuta. Nikadhani ni lori linapita. Mara chaki zikabingirika zenyewe mezani, na sakafu ikawa kama imelegea chini ya miguu yangu.

"Tokeni nje! Kimbieni!" nilipiga kelele.

Watoto wakanyanyuka. Walipofika mlangoni, mwalimu mkuu akatokea barazani akipunga mikono. "Rudini! Ingieni chini ya madawati!"

Wakasimama. Ndicho ninachokiona mpaka leo: watoto wamegandana mlangoni, macho mara kwangu, mara kwake, hawajui wamtii nani. Matofali ya juu ya mlango yakaporomoka. Binti mmoja akapiga yowe, mguu umebanwa.

Tetemeko lilipokoma tuliyaondoa yale matofali kwa mikono, mimi na mwalimu mkuu. Mguu ulikuwa umevunjika. Baba yake akaja mbio kutoka shambani, akambeba, kisha akatuuliza kwa upole ulionichoma kuliko matusi: "Walimu wangu, kwani nyie hamkukubaliana?"

Mwenzangu alifundishwa kwenye semina kwamba watoto wajifiche chini ya madawati. Mimi nilisikia redioni kwamba wakimbilie nje. Hakuna aliyewahi kutukalisha pamoja.

Baadaye tuliitwa mkutanoni Nachingwea. Ofisa akaeleza kwamba serikali inaunda chombo kimoja cha kuratibu maandalizi ya matetemeko: shule, hospitali, zimamoto, wote wafuate mwongozo mmoja. Akauliza kianze na nini. Watu wakataja magari, mahema, dawa. Mwalimu mkuu akasimama.

"Kianze na amri moja. Watoto wetu tuliwapa mbili."



Wataalamu wa chombo hicho walipofika shuleni kwetu, walikagua kuta, wakaukagua na ule mlango. Mmoja akatuambia, "Wangetoka, wangepona. Wangebaki chini ya madawati, wangepona. Kilichowaumiza ni kusimama hapa."

Sasa amri ni moja: chini ya dawati kwanza, kutoka baadaye. Siku ya zoezi la kwanza, binti yule, bado anachechemea, hakwenda kwenye dawati lake. Alikuja kujibanza nami chini ya meza yangu. Moyo wake ulikuwa unadunda kwa nguvu, na wangu pia.