Cheti cha Showa 64

Sirili Eliufoo, msimamizi wa zamu za maji kule Mabogini, hakugusa uji wake asubuhi ile. Wageni kutoka Japani walikuwa wanakuja saa nne, na cheti chake kilikuwa kinaning'inia ukutani ofisini, kila mwenye macho akione.

Cheti chenyewe kilikuwa cha uongo. Ndiyo, tuseme ukweli. Japani alikwenda kweli, akasomea kilimo cha mpunga, lakini aliondoka Januari tano, 1989, kuja kumzika baba yake Machame, na masomo yalikuwa yamebaki miezi miwili. Akaona aibu kurudi mikono mitupu. Akaenda kwa mpiga chapa mjini Moshi, akatengenezewa cheti kama cha wenzake waliomtangulia, kwa kalenda ya Wajapani, wanaohesabu miaka kwa utawala wa mfalme wao: Machi, Showa 64.

Masikini, hakujua. Siku mbili baada ya yeye kupanda ndege mfalme alifariki, na enzi ya Showa ikaishia hapohapo. Showa 64 iliishi siku saba tu, Machi haikuiona. Mwaka uliofuata mtaalamu mmoja alimsimulia habari hiyo, moyo ukampiga paa. Tangu hapo, Mjapani akiingia ofisini, Sirili husimama kuuziba ukuta ule kwa mgongo.

Leo alichelewa; wageni na wakulima walishajaa ofisini. Goodness, katibu wa skimu ya umwagiliaji, alishakitungua na kukiweka mezani.

"Shikamoo mzee. Nimekiweka hapa wageni wakione vizuri."

"Marahaba," alijibu.

Mama mmoja wa Kijapani mwenye mvi akakiinua. Akasoma, akarudia. Akamtazama Sirili, kisha akakirudisha mezani taratibu, kwa mikono miwili. Afadhali angemtukana.

"Nilikitengeneza mwenyewe," Sirili akasema, wakulima wote wakisikia. "Masomo sikumaliza. Nimewadanganya miaka yote hii."

Goodness akainamisha uso. Sirili akatoa funguo za milango ya maji mfukoni, akaziweka juu ya cheti.

Rukia, mwenye shamba mwisho kabisa wa mfereji, alikuwa anazitazama funguo zile. Huko kwake maji hayakuwahi kufika mpaka Sirili aliposhika zamu.

"Sasa Mzee Sirili," akasema, "kesho ni zamu yangu. Nani atanifungulia?"

Sirili akauona mkono wake mwenyewe, unarudi polepole kwenye zile funguo.