Mbili kati ya Kumi

Stashahada yangu niliitundika juu ya mashine ya kwanza, upande wa mlango, ili kila anayeingia aione kabla hajaona kitu kingine. Niliipata Nairobi, kwa miaka miwili na nusu ya kuosha magari asubuhi na kusoma jioni. Hakuna mjomba aliyenishika mkono wala kanisa lililonichangia. Baba yangu alikuwa mkulima wa alizeti Mwankoko, na siku ninaondoka alinipa kuku wawili niwauze stendi. Niliporudi Singida, mtu wa kwanza mwenye cheti cha kompyuta mtaani kwetu alikuwa mimi, na wa pili hakuonekana kwa muda mrefu.

Ilikuwa ile miaka ambayo biashara zilishafunguliwa na kila mwenye mtaji alijaribu kitu ambacho baba yake hakukijua. Tajiri mmoja, mtu wa mkoa mwingine aliyekuja kununua alizeti akabaki, alifungua chumba cha kompyuta karibu na soko. Kilikuwa na mashine nane. Mbili ziliunganishwa na mtandao, zilizobaki zilikuwa za gemu na za kuchapa barua. Umeneja akanipa mimi. Hakuwa na mwingine wa kumpa.

Watu waliingia kwa ajili ya barua pepe, wakabaki kwa ajili ya jukwaa. Hilo lilikuwa ukurasa wa mtandaoni ambako vijana wa Dar, Arusha, Mwanza na wengine walioko ng'ambo walibishana kuhusu gemu kutwa nzima. Walibishana kama madhehebu. Gemu ya mpira iwekwe kwenye michezo au kwenye mikakati, kwa kuwa unapanga kikosi? Gemu ya kupigana yenye hadithi ndefu ni ya kupigana au ya hadithi? Mtu wa Moshi alishikilia wiki nzima kwamba mbio za magari yenye bunduki si mbio, kwa sababu anayempiga risasi mshindani wake hashindani tena, anawinda. Baada ya ubishi yalifuata mahakiki ya kuchekesha. Ulieleza gemu, ukaicheka, mwisho ukaipa maksi kati ya kumi. Aliyechekesha zaidi ndiye aliyekuwa mfalme wa wiki hiyo.

Mfalme wa jukwaa, kwa miezi mingi, alikuwa mlinzi wa baiskeli mlangoni kwetu.

Huyu alikuwa mtu wa Sekenke, mkubwa kwangu kwa miaka michache. Alichimba dhahabu mpaka baruti ilipomchukua vidole viwili vya mkono wa kulia, ndipo akaja mjini. Mke na watoto aliwaacha kule. Mchana alilinda baiskeli za wateja, na kila siku nusu saa aliingia ndani, akachapa uhakiki wake kwa mkono wa kushoto, herufi moja moja, kama kuku anayedonoa mtama. Mimi niliuchapisha kwa printa na kuubandika mlangoni, kwa sababu watu walisimama kuusoma, na aliyesimama mwishowe aliingia.

Aina za gemu za vitabuni hakuzijua. Alitunga zake. Kwake gemu zote duniani zilikuwa za kuchimba, za kuchunga au za kungoja. Gemu ya kutafuta hazina gizani ilikuwa ya kuchimba. Gemu ya mpira ilikuwa ya kuchunga, "maana una ng'ombe kumi na mmoja na kila mmoja anataka shamba la jirani." Gemu za kujenga miji aliziita za kungoja, akaandika kwamba zinamfaa mtu wa Itigi aliyezoea treni. Dar walicheka mpaka wakaanza kuyatumia maneno yake. Mtu wa Arusha angeandika, "Hii ni ya kuchunga au ya kungoja?" na wote wangeelewa.

Nami niliandika. Niliweka mpangilio kamili kutoka kwenye daftari langu la chuo, aina kwa aina, kila moja na sifa zake. Nilikesha nao. Jibu la kwanza lilisema: "Mwalimu, kengele imeshalia, turuhusu tutoke." Majibu mengine yalifuata nyayo. Hakuna aliyejibu hoja hata moja.

Yeye ni Mnyiramba, mimi Mnyaturu, na sisi kwa sisi ni watani. Mtani anaweza kukuambia lolote, hata msibani, nawe huruhusiwi kukasirika. Ukikasirika aibu ni yako. Kila asubuhi yeye alinidai shikamoo kwa umri, nami nikamdai kwa elimu, na hakuna aliyempa mwenzake. Aliita stashahada yangu leseni ya baiskeli. Nilimwita marehemu mtarajiwa, kwa vile baruti ilianza kazi na haijamaliza. Wateja walikuja mapema ili wasikose.

Kisha tajiri akaamua kufungua chumba cha pili Itigi, karibu na stesheni, ambako watu hungoja treni bila la kufanya. Alimwambia mlinzi wa baiskeli, mbele yangu, kwamba mambo yakienda sawa atakayekwenda kukisimamia ni yeye. Nyuma ya chumba kulikuwa na nyumba ya vyumba viwili. Yule mtu alipiga hesabu siku hiyohiyo. Mke angehama Sekenke, watoto wangesoma Itigi, na yeye angeacha kulala stoo ya muuza matairi. Alimwambia kila mteja. Alinunua suruali ya mtumba yenye mkunjo na akawa haiivai, anaitunza.

Angeitwa meneja, kama mimi. Sikuosha magari Nairobi ili cheo changu apewe mtu asiye na hata cheti cha darasa la saba.

Tena kulikuwa na jambo ambalo kila mteja wetu alilijua na hakuna aliyelisema. Yule mtu hakuwahi kucheza gemu hata moja. Kwa mkono ule asingeweza kushika kipanya na kubonyeza vitufe kwa kasi inayotakiwa. Alisimama nyuma ya wanachuo wa ualimu waliokuja kucheza, akaangalia, akauliza, akatoka nje na kuandika kana kwamba ameshinda yeye. Jukwaa zima liliamini linasoma mchezaji.

Nikamwandikia uhakiki. Sikuandika kitu kizuri kama kile kabla wala baada yake, na bado naukumbuka wote:

"Gemu ya Mtani Wangu Mchimbaji. Aina: kuangalia. Mchezaji ana vidole vitatu na haruhusiwi kugusa kitu. Husimama nyuma ya wenzake akiwauliza, 'Hapo umeona nini?' Akishajibiwa hutoka kulinda baiskeli, kisha hurudi kuwaambia walimwengu jinsi alivyoshinda. Hatua ya kwanza ni kushika kipanya. Hajafika ya pili. Michoro ni mizuri, hasa kile kiganja. Mbili kati ya kumi, maksi moja kwa kila kidole kilichobaki shimoni."

Niliupandisha jukwaani asubuhi na kuubandika mlangoni, mahali pake palepale. Aliusoma akiwa ameshika usukani wa baiskeli ya mteja. Watu walimtazama. Akacheka, tena kwa sauti, kwa sababu mtani hana njia nyingine.

"Umekosea hesabu, mtani," alisema. "Vilivyobaki shimoni ni viwili na nusu. Niongezee nusu maksi."

Chumba kizima kilicheka, na kwetu pale mambo yangeishia hapo. Lakini jukwaani hapakuwa na Mnyiramba wala Mnyaturu. Nilitanguliza neno mtani nikidhani linatosha, kama linavyotosha sokoni Singida. Wao walilisoma kama mtu anavyosoma neno ndugu kwenye barua. Waliona ushahidi. Mwanamke wa Tanga aliandika kwamba alinunua gemu mbili kwa kumwamini mtu huyu. Wa Moshi alisema hata uwindaji una heshima kuliko haya. Walimtaka ajibu, akajibu kwa kunitania mimi na stashahada yangu, kama desturi inavyotaka, nao wakaona kwamba hana utetezi. Siku ya tatu mwenye jukwaa alifuta mahakiki yake yote.

Karatasi ya mlangoni ilimfikia tajiri. Aliniita ghalani kwake, akanikalisha juu ya gunia.

"Meneja, haya ni kweli au mnataniana? Mimi utani wenu siujui."

Ningeweza kusema neno moja. Nilisema, "Ni kweli, tajiri."

"Hajawahi kucheza?"

"Hata moja."

Na ilikuwa kweli. Sikuongeza kwamba kazi ya Itigi haikuwa kucheza. Ilikuwa kufungua mlango na kuwashika watu wasiondoke, na katika hilo hakuna mtu mkoa mzima aliyemfikia. Tajiri hakuniuliza hilo.

Wiki hiyo funguo za Itigi zilikwenda kwa msichana wa Manyoni mwenye cheti cha kuchapa. Nilimpendekeza mimi. Yule mtu alilinda baiskeli siku chache zaidi, kisha asubuhi moja akaja kuaga akiwa ameivaa ile suruali. Alinidai shikamoo. Nikamdai yangu. Akaenda stendi, akapanda lori la Sekenke.

Baba alifariki kabla mavuno ya alizeti hayajaisha. Tulimzika Mwankoko, mchana, upepo ukitimua vumbi kutoka kwenye mawe. Mchungaji alikuwa ameshasoma na jeneza liko kando ya kaburi, nilipoona watu wanapisha njia. Mtani wangu alikuwa amekuja. Alikuwa amevaa koti la kijivu la baba, lile lililokuwa likining'inia msumarini sebuleni, na alikuwa anatembea kama baba, bega moja chini, akikohoa kikohozi chake. Mama yangu aliyelia tangu jana aliinua uso.

"Gemu ya Mzee wa Mwankoko," alianza, kwa sauti ya baba. "Aina: kungoja. Unapanda alizeti, unangoja mvua. Unamtuma mtoto Nairobi na kuku wawili, unangoja. Mtoto anarudi na karatasi. Kuku hawajarudi mpaka leo. Tisa kati ya kumi. Moja nimekata, gemu imeisha mapema."

Watu walicheka wakiwa na machozi. Mama alicheka, na kwa hilo siwezi kumsema mtani wangu vibaya. Kisha yule mtu akarukia kaburini akakaa chini, miguu ameinyoosha, kama watani wafanyavyo mpaka wafiwa wawakomboe. Shangazi alikuwa ameshaandaa jogoo wa kumkomboa. Mtani alimsukuma jogoo kando.

"Jogoo baadaye," alisema kutoka shimoni. "Nataka jibu la mfiwa. Uliyoandika mlangoni, mtani, ulikuwa utani?"

"Utani," nilisema.

"Na uliyomwambia tajiri?"

Tajiri alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki, safu ya mbele, pamoja na waliochangia jeneza. Aliacha kujipepea.

Wote pale walielewa nilipofika. Nikisema ulikuwa utani, nimekubali mbele ya bosi wangu kwamba aliponiuliza niliuthibitisha kuwa kweli. Nikisema ilikuwa kweli, basi maneno yote, ya mlangoni na ya vidole, yalikuwa matusi, utani umevunjika, na mtu asiye mtani wangu hana kazi ya kumzika baba yangu. Angetoka mle akaenda zake na Wanyiramba wote waliokuja na majembe. Mchungaji alifunga kitabu chake. Baba mdogo alininong'oneza kwa Kinyaturu kwamba jua linakwenda.

Nilimtazama yule mtu ndani ya koti la baba. Hakuwa anacheka.

"Ulikuwa utani," nilisema.

"Sema kwa sauti. Tajiri yuko mbali."

"Ulikuwa utani."

Akainua mkono nimvute. Alichagua wa kulia. Sikuwahi kuushika, mwaka mzima wa kufanya naye kazi. Ulikuwa mkavu, na ulinishika kwa nguvu kuliko nilivyotarajia. Alitoka, akavua koti akampa mama, akachukua koleo, na hakuliacha mpaka tuta likasimama.

Baadaye nilimwona tajiri akizungumza naye karibu na boma la jirani. Tajiri ndiye aliyeongea zaidi, huku akitikisa kichwa polepole. Itigi ilishapata mtu, alikuwa na mkataba, na kazi aliifanya vizuri. Nilijua hivyo kwa sababu nilimfundisha mimi. Tajiri hakunifukuza. Aliacha tu kuniuliza kitu chochote isipokuwa kama printa ina wino.

Watu walipokuwa wananawa, yule mtu alisimama nyuma yangu kwenye beseni, kwapani ana jogoo aliyefungwa miguu kwa kamba. Alinisubiri nimalize.

"Nimekupa nane," alisema. "Mbili nimekata. Ulichelewa kufunguka."

Akanawa, akaondoka na jogoo wake kwenda kutafuta lori la Sekenke. Stashahada bado iko ukutani.